Ubavu wa Raheli

Siku Mwalimu Yoramu alipowapeleka motoni wanawake wote wa Chilonje, hakuwa amekusudia. Alikuwa akifundisha tu, jua lilikuwa kali, na njaa ilikuwa imeanza kumuuma.

Alikuwa ametundika picha kwenye nguzo ya katikati ya kanisa, picha ya rangi iliyotoka Ulaya. Yesu ameketi kwenye kiti cha enzi. Mkono wake wa kulia wamesimama kondoo na watu waliovaa nguo nyeupe. Mkono wa kushoto wamesimama mbuzi na watu walio uchi, na nyuma yao moto. Mchwa walikuwa wamekwisha kula pembe moja ya picha, upande wa mbinguni.

Wanawake walikuwa thelathini hivi, wameketi chini na watoto wao mgongoni. Wanaume walikuwa sita tu. Wengine walikuwa mbali wakichunga ng'ombe, au Dodoma wakipasua kokoto za reli, kwa maana ulikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike huko, na Wajerumani walikuwa bado wanataka mikono.

"Kulia, kondoo," alisema Mwalimu, akigonga picha kwa fimbo. "Kondoo wanakwenda uzimani. Kushoto, mbuzi. Mbuzi wanakwenda wapi?"

"Motoni," wakaitika.

"Mbuzi amekosa nini?" akauliza bibi mmoja kule nyuma. "Si ndiye anayetuvusha kiangazi? Kondoo akikosa majani siku mbili amekwisha lala chini, anasubiri kuchinjwa."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Huo ni mfano, bibi. Nyamaza."

Ndipo aliposimama Tereza, mke wa Sila. Alikuwa mwanamke mrefu, uso wake umejaa makovu ya ndui ambayo bado hayajafifia. Ndui ilikuwa imepita nyumbani kwake miezi saba nyuma. Yeye ilimwacha, lakini ilimchukua binti yake Raheli, mtoto wa miaka tisa, aliyebatizwa pamoja na mama yake siku moja, katika maji ya beseni moja.

"Mwalimu," alisema, "huku kwetu mwanamume akifa hulazwa kaburini kwa ubavu wa kulia. Mwanamke hulazwa kwa ubavu wa kushoto. Ndivyo tulivyowakuta wazee. Sasa tarumbeta ikilia, hao wanawake wataamkia upande gani?"

Mwalimu Yoramu alikuwa mtu wa pwani. Alilelewa na misheni tangu utotoni, akasomeshwa, akaletwa Ugogo, na hakuwa na mwaka huko. Habari hizo za ubavu alikuwa akizisikia kwa mara ya kwanza. Angeweza kusema, "Sijui." Angeweza kusema, "Nitamwuliza padre akija." Maneno mawili, matatu, yasingemtoa jasho. Lakini padre alikuwa amemwambia kwamba mwalimu anayesitasita mbele ya wapagani amekwisha kuwapoteza, naye alilishika neno hilo kuliko alivyoshika Injili.

"Aliyelazwa kushoto ataamka kushoto," alisema.

"Hata akiwa amebatizwa?"

"Nimekwisha sema. Ndiyo maana nawapigia kelele kila siku, acheni mila za giza!" Na kweli alipiga kelele, hata mtoto mmoja akaamka akaanza kulia. "Mnadhani nacheza?"

Kila mwanamke alikuwa akiwahesabu wa kwake. Mama. Bibi. Dada aliyefia uzazini. Hakuna hata mmoja aliyelala kulia.

Tereza aliketi polepole.

* * *

Mama mkwe wake, Mbeleje, alikuwa akisaga uwele uani. Yeye hakwenda kanisani. Alisema ana miungu ya kumtosha, na hao nao hawamsikii.

"Umerudi na uso gani huo?" aliuliza bila kuacha kusaga.

Tereza akamweleza. Mbeleje alicheka mpaka unga ukamwagika.

"Basi mama yangu yuko kushoto, na mama yake mama yangu yuko kushoto. Nami nitawakuta huko huko. Hao wa kulia watakuwa wanaume watupu. Nani atawapikia?"

"Mama, Raheli alibatizwa. Nilikaa darasani miaka miwili, nimesimamishwa mbele ya watoto kwa kusahau amri ya tisa, nimepalilia shamba la mwalimu aliyekuwako kabla ya huyu, ili mimi na yeye tuwe upande mmoja. Leo naambiwa yeye yuko na mbuzi kwa sababu ya ubavu."

Mbeleje aliacha kucheka. Raheli alikuwa analala naye, akimkuna mgongo usiku. Alishika tena jiwe lakini hakusaga.

Sila aliingia akiwa bado amevaa shati la Jumapili. Shati hilo alipewa na misheni kwa kazi ya kugonga kipande cha reli kilichotundikwa nje ya kanisa kuita watu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa umewachosha wote nyumbani.

"Sila," alisema mkewe, "nani alimzika Raheli?"

"Unajua. Mimi nilikuwa Dodoma nikipasua kokoto nipate ya kodi. Wewe ulikuwa hujitambui kwa homa. Mama alikuwa Mvumi kwa dada. Baba mdogo Matonya ndiye aliyezika, yeye na vijana wawili."

"Alimlaza kushoto?"

"Mwanamke hulazwa kushoto. Kuna lipi la kuuliza?"

"Basi tufukue tumgeuze."

Sila alitazama mlangoni kama mtu anayetazamia askari. "Usiliseme tena neno hilo. Anayefukua maiti ni mchawi. Watatufukuza. Watoto wa watoto wetu wataitwa watoto wa wachawi."

"Hatuna watoto, Sila. Tulikuwa naye mmoja."

Sila akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Kama hutaki kuchimba, nenda kamwambie Mwalimu aliondoe neno lake."

"Mimi? Nimwambie Mwalimu kwamba amekosea?"

"Wewe. Si ndiye anayekuvisha?"

Sila alilivua shati taratibu, akalikunja, akalitia kapuni, akatoka kwenda kutazama ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha tazamwa.

* * *

Jumatatu asubuhi Tereza alikwenda mwenyewe. Aliwaza njia nzima kwamba siku ile ya tarumbeta itakuja kama mwivi. Hivyo ndivyo Mwalimu alivyokuwa akisema kila Jumapili: pengine leo, pengine kesho, kabla hujamaliza kuteka maji. Yeye alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi bila kujali. Sasa kila jogoo aliyewika alimshtua.

Mwalimu alikuwa kibarazani anakula ugali kwa maziwa ya mgando. Hakumkaribisha. Tereza alisimama juani, kuku wakipita miguuni pake, akasubiri mpaka tonge la mwisho. Mwalimu akanawa. Akajifuta. Akachokonoa jino.

"Haya."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Ni lile neno la jana. Nimekuja kuuliza kama Kitabu chenyewe kimesema habari za ubavu wa mtu kaburini. Nisomee tu hapo mahali. Nikisikia, nitanyamaza."

"Kitabu kimesema kulia na kushoto. Ulikuwa umelala?"

"Kimesema mkono wa kushoto wa Bwana. Kimesema na ubavu wa maiti?"

Mwalimu aliinuka. Alikuwa mfupi kuliko yeye, kwa hiyo hakushuka kutoka kibarazani.

"Sikiliza, mama Raheli. Sikutoka pwani kuja kufundishwa na mwanamke aliyejua kushika kitabu juzi. Padre anakuja mwezi ujao. Nikimpelekea jina lako kwamba unaleta ubishi darasani, hutaisogelea meza ya Bwana mwaka mzima. Unataka hivyo?"

"Nataka kujua mtoto wangu yuko wapi."

"Mngemzika Kikristo mngejua."

"Wewe ulikuwa wapi siku anazikwa? Ulikuwa mwalimu wetu tayari. Uliitwa. Ulisema unaumwa tumbo."

Ni kweli Mwalimu aliitwa, na ni kweli alisikia homa iliyokuwa katika nyumba ile ni homa gani.

"Nenda nyumbani kwako," alisema.

Tereza alipofika kwenye ua wa minyaa alisikia hatua nyuma yake. Alikuwa Priska, mke wa Mwalimu, amebeba mtungi mtupu kama kisingizio.

"Dada, usimngoje huyu," alisema haraka. "Hajui. Jana usiku kucha amekipekua Kitabu kwa taa, hakuona kitu. Hajui kabisa."

"Basi mwambie aseme hajui."

"Aseme?" Priska alicheka kwa uchungu. "Mimi ni mkewe miaka sita. Hajaniambia neno hilo hata siku moja. Njia akipotea, anasema njia imehamishwa."

Akapinda kuelekea kisimani.

* * *

Maneno hayana miguu lakini yalifika kwa Matonya kabla ya jua kuzama. Matonya alikuwa mdogo wa marehemu baba yake Sila, na pia ndiye jumbe wa Chilonje, aliyepewa na boma la Wajerumani kofia na barua yenye mhuri. Jumanne asubuhi alikuja na kofia yake kichwani. Hakukaa.

"Nimesikia kuna mtu hapa anataka kuchokoza kaburi," alisema.

"Mbukwa, shemeji," alijibu Mbeleje. "Hata salamu siku hizi boma wamekataza?"

"Sikuja kwa mzaha. Mvua ziko karibu. Kaburi likifunguliwa sasa, mvua itakwenda zake, na nchi nzima itajua ilikwenda kwa sababu ya nani. Sila, mkeo ni wako. Mfunge kama hasikii."

"Ndiyo, baba," alisema Sila.

Tereza alimtazama mumewe, kisha akamtazama mzee. Aliona jambo moja lililomshangaza. Kaburi lilikuwa pale pale nyuma ya zizi, hatua ishirini tu, na Matonya alizungumza habari zake muda wote bila kulitazama hata mara moja. Hata alipolinyoshea kidole alinyosha huku akiangalia kwingine.

"Baba," alimwuliza, "wewe ndiye uliyemlaza. Ulimlaza vizuri?"

"Nilimlaza kama wanawake wanavyolazwa. Swali gani hilo?"

Na akaondoka mbio mbio, mzee yule aliyezoea kukaa mahali mpaka apewe pombe.

* * *

Jumatano, jua lilipokuwa utosini, Tereza alichukua jembe, akaenda nyuma ya zizi, akaanza kuchimba.

Watoto wachunga ndama ndio waliomwona kwanza, wakapiga mayowe. Wanawake wakatoka majumbani, mwingine na mchi mkononi. Mbeleje akaja amejishika kiuno.

"Mkamwana, saa sita hii, jua lote hili, unachimba nini?"

"Mchawi huchimba usiku, mama. Mimi nachimba mchana ili kila mtu anione. Njooni mnitazame vizuri. Sila!"

Sila alikuwa amesimama mlangoni pa zizi.

"Nenda kamwite Mwalimu. Mwambie aje na Kitabu chake."

Safari hii Sila alikwenda mbio.

Matonya ndiye aliyefika mbele, na vijana wawili waliozoea kumfuata. "Mnyang'anyeni jembe!" alipiga kelele angali mbali. Vijana wakasogea. Walipoliona shimo limekwisha fika magotini mwa Tereza, wakasimama. Kisha wakarudi nyuma hatua mbili, tatu, mmoja akijifunika pua kwa nguo.

"Mnaogopa nini?" Tereza aliwauliza. "Si ninyi mliomzika?"

Walimtazama Matonya.

Mwalimu alifika akihema, Kitabu kwapani. Umati ulikuwa umekuwa mkubwa. Tereza alilichomeka jembe kwenye udongo, akajifuta uso kwa mkono, uso ukabaki na tope.

"Mwalimu, watu hawa walikusikia Jumapili. Sasa sema mbele yao hao hao. Ulikosea au hukukosea? Ukisema ulikosea, nafukia sasa hivi, naenda nyumbani kupika, na sitakuuliza tena."

Lilikuwa jambo jepesi kiasi hicho. Mwalimu aliwatazama wanawake, na wanawake wakamtazama. Priska alikuwa miongoni mwao. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo kama wa mtu anayemsaidia mtoto kutamka.

"Neno la Mungu halikosei," alisema Mwalimu.

"Sikuuliza habari za Mungu. Nimeuliza habari zako."

Mwalimu akapangusa vumbi juu ya jalada la Kitabu, ambalo halikuwa na vumbi.

Tereza akalichomoa jembe. Udongo wa kiangazi ulikuwa mgumu kama chungu. Kila pigo lilitoa dongoa moja. Pigo moja, la pili, la tatu.

"Acha!" Matonya aliita. "Mwanamke, acha! Unajisumbua bure. Hayuko kushoto!"

Jembe lilisimama juu.

"Yuko kulia?" aliuliza Tereza, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili sauti yake ilikuwa na tumaini.

Matonya aliivua kofia ya boma akaishika kwa mikono miwili. "Hayuko kulia wala kushoto. Hatukumlaza. Ilikuwa ndui. Tulimviringisha kwenye ngozi, tukamfunga kamba, tukamsukuma kwa miti. Shimo lilikuwa fupi. Tulikuwa na haraka. Akaingia kama alivyoingia."

"Kama alivyoingia vipi?"

Kijana mmoja, yule aliyejifunika pua, ndiye aliyesema, tena kwa sauti ndogo sana. "Kwa kichwa."

Hakuna mwanamke aliyelia. Mambo mengine hayalizi kwa haraka.

"Ilikuwa amri ya boma!" Matonya alisema, sasa akiwageukia watu. "Kaya yenye ndui ichomwe moto, na jumbe atakayeficha apigwe viboko ishirini na tano. Mngetaka niseme? Tembe hii leo ingekuwa majivu. Niliificha kwa ajili yenu. Nimewaokolea nyumba!"

"Asante kwa nyumba," alisema Tereza. "Na mtoto?"

"Ukifungua, boma watasikia. Watanipiga mimi, mzee mzima, mbele ya watu."

"Miezi saba nimekupigia magoti kukusalimu. Nimekukorogea uji kwa mkono huu. Siku ya tanga ulikuja hapa ukala, ukaniambia, mama Raheli, tulia, mtoto amelala salama. Umesema kwa kinywa hicho hicho! Na huyu naye," akamwelekezea Mwalimu jembe, "amesimama kanisani akamtia motoni mtoto ambaye hakuthubutu kuja kumwona. Mmoja ana kofia, mwingine ana Kitabu. Kazi yenu ni nini ninyi? Mnalishwa kwa kazi gani?"

Watu waliposikia neno ndui likitajwa juu ya kaburi lililo wazi walikuwa wameanza kurudi nyuma, akina mama wakiwavuta watoto. Duara likapanuka likawa kubwa. Tereza alibaki peke yake katikati, na shimo lake.

Mbeleje akalifunga vazi lake vizuri kiunoni, akavuka duara.

"Shemeji, mimi ndui ilinipata ningali sijavunja ungo," alimwambia Matonya alipokuwa akimpita, na kumwonyesha shingo yake iliyojaa mashimo ya zamani. "Ilinionja ikanitema. Huyu mkamwana wangu naye imemtema. Ninyi wenye ngozi nzuri kaeni mbali, msijeharibika sura." Akateremka shimoni, akapiga magoti, akaanza kutoa madongoa kwa mikono.

Waliendelea hivyo, mmoja akichimba, mwingine akitoa. Matonya aliondoka. Vijana wake hawakumfuata, walibaki wamesimama mbali kama watu waliosahau njia ya kwao. Mwalimu hakuondoka wala hakusogea.

Ngozi ilionekana wakati vivuli vimeanza kurefuka. Miguu ndiyo iliyokuwa juu.

Mbeleje aliufunika mdomo wake kwa mkono wenye udongo. Tereza alitazama. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za nyumbani, "Shimo halitoshi. Tulirefushe kwanza upande huu. Sila!"

"Naam."

"Leta ngozi."

"Ngozi ipi?"

"Ya kitandani kwetu. Ile laini."

Sila aliingia nyumbani akatoka na ngozi waliyolalia tangu waoane, iliyolainishwa kwa siagi na miaka. Hakuitupa kutoka mbali. Aliivusha duara mpaka ukingoni, na ingawa yeye hakuwahi kuugua ndui, alipiga magoti, akaitandika ndani ya shimo kwa mikono yake, akainyosha kila pembe.

Wakamtoa mtoto. Hakuwa mzito. Wakaikata kamba kwa kisu, wakamhamisha kutoka ngozi ile ngumu kwenda kwenye hii. Mengine hayana haja ya kusemwa. Mikono yao ilifanya, na mikono ya wanawake imefanya mengi yasiyosimuliwa.

"Tumlaze upande gani?" aliuliza Mbeleje.

Watu wote walisikia swali hilo, hata wale wa mbali. Priska alikuwa amekuja karibu kuliko wengine. Mwalimu naye aliinua kichwa.

"Alikuwa analala vipi, mama?" alisema Tereza. "Wewe ndiye uliyekuwa unalala naye."

"Kifudifudi," alisema Mbeleje, akaegemeza shavu lake juu ya mkono kuonyesha. "Kifudifudi, mkono chini ya shavu. Nilimgombeza sana. Nilimwambia ataota ndoto mbaya."

"Basi kifudifudi."

Wakamlaza hivyo, si kama mwanamume wala si kama mwanamke, kama Raheli. Wakamfunika kwa ngozi ya wazazi wake.

Mwalimu Yoramu alikohoa. Akasogea hatua chache, akasimama pale ambapo hofu yake ilimruhusu.

"Mama Raheli. Niruhusu nisome sala."

"Jibu kwanza."

Alikifungua Kitabu akakifunga. Kanzu yake ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho.

"Sijui," alisema.

"Hujui nini?"

"Habari za ubavu. Kitabu hakisemi. Nilisema tu."

"Kwa nini unaniambia mimi? Mimi nimekwisha mlaza mtoto wangu. Waambie hao wanaokwenda kulala leo na mama zao motoni. Tena upaze sauti. Jumapili ulipaza."

Mwalimu aliwageukia wanawake. Alisema tena, na sauti haikutoka. Akasema mara ya tatu, kwa kelele, kama mtu aliyekanyagwa, "Sijui! Kitabu hakisemi! Mimi sijui!"

Bibi mmoja kule nyuma akaguna. Mwingine akasema, "Haya," akamwinua mjukuu wake, akaenda zake nyumbani, kwa maana jioni ilikuwa inaingia na hakuna aliyekuwa amepika.

Tereza hakugeuka kumtazama Mwalimu. Alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa shimo, amelitupa jembe pembeni, anachukua udongo dongoa baada ya dongoa na kuliponda kwa viganja vyake, akiupepeta vidoleni kabla hajaumwaga, ili lisibaki hata moja gumu la kumwangukia mtoto.